Flashi ya Ndani ya Kamera Imegoma: Uitengeneze, Ubadilishe, au Uachane Nayo?

Flashi ndogo iliyomo ndani ya kamera ikigoma, watu hugawanyika makundi mawili: wanaokimbilia kwa fundi, na wanaoanza kuchungulia bei za kamera nyingine. Makundi yote mawili yana haraka. Flashi nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa ni nzima. Zimezuiwa tu na mpangilio wa menyu, au kuna swichi ndogo kama punje ya mchele iliyonasa. Na zile zilizokufa kweli, kwa maoni yangu, nyingi hazistahili gharama ya kufufuliwa, maana kuna vifaa vinavyofanya kazi yake vizuri zaidi. Zipo chache zinazostahili, na inafaa ujue yako iko upande gani kabla hujatoa pesa.

Kwanza, usalama

Ndani ya kamera yenye flashi mna kapasita kubwa inayohifadhi umeme wa takriban volti 300. Kuzima kamera hakuondoi umeme huo. Kutoa betri pia hakuuondoi. Unaweza kubaki humo kwa muda mrefu, hata siku kadhaa. Ukigusa miguu ya kapasita kwa kidole utapigwa shoti kali, na ukiigusa kwa bisibisi, cheche itakayoruka inaweza kuunguza bodi ambayo ilikuwa nzima. Usidanganywe na udogo wa kamera ya mfukoni: nafasi ndani yake ni finyu, kwa hiyo ni rahisi zaidi kugusa pasipofaa.

Kila kitu ninachokuelekeza hapa kinafanyika bila kulegeza skrubu hata moja. Panapohitaji kufungua, hapo ni pa fundi, tena anayejua kuitoa chaji ya kapasita taratibu kwa rezista.

Hatua ya 1: Hakikisha imeharibika kweli

Anza na betri. Flashi hula umeme mwingi kuliko karibu kitu kingine chochote kwenye kamera, na betri ikishuka kamera nyingi hukataa kuichaji huku mengine yote yakiendelea kufanya kazi. Weka betri iliyojaa, na kama ni ya zamani, jaribu nyingine. Kama kamera inatumia betri za kawaida za duara, weka mpya zote kwa pamoja.

Kisha angalia gurudumu la modi. Kwenye modi ya otomatiki kamera huinua flashi yenyewe mwanga ukiwa hafifu. Kwenye P, A, S au M, yaani modi ambazo mpangilio fulani unauchagua mwenyewe, kamera nyingi hazifanyi hivyo. Zinakusubiri ubonyeze kitufe chenye alama ya radi. Malalamiko mengi ya "flashi imeacha kutoka" huishia hapa.

Baada ya hapo ingia kwenye menyu. Kuna mipangilio inayoizima flashi kimyakimya, bila kamera kusema lolote: shata ya kielektroniki (kupiga bila pazia la ndani kusogea) au modi ya kimya, HDR (picha kadhaa zinazounganishwa kuwa moja), panorama, video, na kwenye baadhi ya kamera hata upigaji wa mfululizo. Canon wana kipengele cha menyu kinachozuia flashi isiwake kabisa, na mtu uliyemwazimisha kamera anaweza kuwa alikigusa. Kwenye Nikon zenye uwezo wa kuongoza flashi nyingine kwa mbali, flashi ya ndani inaweza kuwa imewekwa itoe ishara tu bila kuimulika picha. Utaiona ikimweka, lakini picha itatoka giza. Usipojua pa kuanzia, rudisha mipangilio yote ya kamera kama ilivyotoka kiwandani, ujaribu tena.

Kama ulikuwa umepiga picha nyingi za flashi kwa mfululizo, iache ipoe kwa dakika kadhaa. Kamera hujifungia flashi kwa makusudi inapopata moto.

Sasa tuje kwenye ile punje ya mchele. Juu ya kamera kuna reli ya chuma ya kupachikia flashi ya nje. Kwenye kamera nyingi, ndani ya ukingo wa reli hiyo mmefichwa swichi ndogo ambayo mguu wa flashi ya nje huikandamiza, nayo huiambia kamera: nina mgeni, usiinue flashi yako. Vumbi, mchanga au jasho lililokauka vikiingia pale, swichi hubaki imekandamizwa hata kama reli iko tupu. Kamera inaamini kuna flashi ya nje, na flashi ya ndani haitoki wala haiwaki. Ugonjwa huu ni wa kawaida sana, hasa kwa Canon za SLR (zile kamera kubwa zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilishwa).

Dawa yake ni rahisi. Zima kamera, mulika tochi kwenye reli kutokea nyuma, utafute kidude kinachochomoza kwenye ukingo wa ndani. Puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, maana mate huleta unyevu. Halafu chukua flashi yoyote ya nje, au kifuniko cha plastiki cha reli, ukiingize na kukitoa mara nyingi kwa mfululizo. Kidude kikibaki kimenasa, kikandamize polepole kwa kijiti cha meno hadi uhisi kinarudi chenyewe. Usimwage mafuta ya aina yoyote pale. Ukiwasha kamera na flashi ikainuka, kazi imekwisha na hujatumia hata senti.

Hatua ya 2: Sikiliza, tazama, ujue imekwama wapi

Flashi ina safari fupi: inainuka, inachaji, inapewa amri, inawaka, inakatwa. Ubovu wa sehemu moja hauna gharama sawa na wa nyingine, kwa hiyo inafaa ujue safari imekatikia wapi.

*Haiinuki, ila ukiisaidia kwa ukucha inatoka na kuwaka.* Hiyo ni shida ya mitambo tu: lachi imenata, springi imechoka, au bawaba imejaa uchafu. Kinywaji chenye sukari kikimwagika pale, hutosha kabisa kuleta shida hii. Kwenye Canon utaona ujumbe Err 05, ambao maana yake ni kwamba flashi imeshindwa kuinuka. Isaidie kwa upole, usitumie kisu.

*Imeinuka lakini kimya.* Weka sikio karibu. Flashi nzima inapochaji hutoa mlio mwembamba unaopanda, kisha alama ya radi hutokea kwenye dirisha la kutazamia. Usiposikia chochote na alama isitokee, ama kamera haijui kwamba flashi imeinuka (swichi ya bawaba), ama saketi ya kuchaji imekufa, ama waya umekatika. Jaribu kuitikisa kidogo flashi ikiwa juu, huku ukisikiliza. Mlio ukija na kuondoka, basi ni waya: nyaya hizo hupita ndani ya bawaba na hukunjwa kila flashi inapopanda na kushuka, hadi siku moja zinachoka.

*Inalia, alama inamweta bila kutulia.* Kapasita haijai. Kama kamera ilikaa kabatini miaka mingi, usiikatie tamaa mapema, kwa sababu kapasita za aina hii hudhoofika zisipotumika na mara nyingine huamka zikichajiwa upya. Weka betri nzima, iache ichaji, ipige, ipumzishe, urudie mara kadhaa. Nafuu ikionekana kila unaporudia, endelea. Isipobadilika, kapasita au saketi yake imechoka.

*Imechaji, alama imetulia, lakini haiwaki.* Ubovu uko kwenye mrija unaotoa mwako au kwenye koili inayoupa msukumo wa maelfu ya volti ili gesi ya zenoni iwake. Tazama ndani ya kioo cha plastiki: ncha za mrija zikiwa zimekuwa nyeusi sana, au kuna ufa, jibu umelipata.

*Inawaka lakini picha ni mbaya.* Hapa usikisie, pima. Ingia kwenye chumba chenye giza, weka modi ya M, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, kasi ya shata 1/125, tundu la lenzi f/5.6, na flashi kwenye nguvu kamili kwa mkono kama menyu inaruhusu. Simama mita 2 kutoka ukutani, upige. Flashi ya ndani ya kamera nyingi za SLR ingepaswa kuumulika ukuta huo vizuri. Ukitoka giza, flashi imedhoofika. Kisha shusha nguvu hadi 1/16 upige tena. Picha ya pili inapaswa kuwa na giza zaidi waziwazi. Zikitoka sawa, kifaa cha ndani kinachokata mwako kimeungua, na ndiyo maana picha zako za otomatiki zote zinatoka nyeupe. Kivuli cha nusu mwezi chini ya picha hakina uhusiano na ubovu wowote: ondoa kofia ya kukinga jua iliyo mbele ya lenzi, au elewa kwamba lenzi yako ni ndefu kuliko flashi inavyoweza kuirukia.

*Kuna harufu ya kuungua, au kamera nzima inazima flashi ikianza kuchaji.* Acha hapo hapo, toa betri, usijaribu tena. Kuna shoti, na kila jaribio linaweza kuongeza bodi nyingine kwenye orodha ya vilivyokufa.

Hatua ya 3: Ubovu huo ni wa daraja gani?

Kwa upande wa pesa, nauweka ubovu kwenye madaraja matatu.

La chini ni uchafu, lachi, springi na swichi ya reli. Fundi mzuri hulimaliza bila spea. Hili nalitengeneza bila kujiuliza mara mbili.

La kati ni nyaya za bawaba, swichi ya kuinukia, mrija na kioo chake. Spea ni ndogo, ila kazi ni ndefu: mara nyingi lazima mfuniko wote wa juu wa kamera utoke, na pale ndipo pamejazana vitufe, magurudumu, skrini ndogo na tepe nyembamba za waya zinazochanika kwa kuvutwa vibaya. Unacholipia hasa ni muda na uangalifu wa fundi. Mara nyingi huona ni nafuu kubadilisha mfuniko mzima, pamoja na flashi yake, kutoka kwenye kamera ya modeli ileile iliyokufa kwa sababu nyingine. Si ujanja mbaya, mradi akuambie.

La juu ni saketi ya volti kubwa: kapasita, kifaa cha kukata mwako, au bodi yenyewe. Kwenye baadhi ya kamera saketi hii ina bodi yake peke yake na inabadilishwa. Kwenye nyingine, hasa ndogo za mfukoni, imechanganyika na bodi ya umeme wa kamera yote, na hapo gharama hupanda bila huruma.

Hatua ya 4: Ilikuwa inakufanyia kazi gani?

Watu hulia flashi imekufa wakati ni muda mrefu hawajaitumia. Nguvu ya flashi hupimwa kwa namba iitwayo GN. Ukiigawa kwa f ya lenzi unapata umbali, kwa mita, ambao flashi inafika. Flashi za ndani za SLR nyingi zina GN ya karibu 12 kwa ISO 100. Ukiwa f/4, mwanga unafika mita 3. Ukipandisha ISO hadi 400, mita 6. Sony a6000 ina GN 6 tu, yaani mita moja na nusu kwa f/4. Huo ndio ufalme wote wa flashi hizi. Ukumbini, uwanjani, kwenye jukwaa, haikuwa inakusaidia kitu hata ilipokuwa nzima. Na kwa sababu imekaa karibu na lenzi, inatoa macho mekundu na nyuso bapa zinazong'aa.

Watengenezaji wenyewe wameanza kuiacha. Canon 5D hazijawahi kuwa nayo. Nikon D810 ilikuwa nayo, D850 ya 2017 haina. Sony a6600 ya 2019 nayo haina. Sensa za sasa (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) hupiga kwa ISO 3200 picha ambazo zamani zilihitaji flashi.

Lakini kuna kazi tatu ambazo mtu huzisahau mpaka zimkose. Ya kwanza ni kulainisha vivuli vya uso juani, na kwa mtu aliye mita 2 flashi ndogo inaifanya vizuri tu. Ya pili ni kusaidia fokasi: Canon nyingi za SLR hutumia mimweko ya haraka ya flashi ya ndani kutafutia fokasi gizani, kwa hiyo flashi ikifa, utaona lenzi inahangaika huku na huko usiku. Ya tatu ni kuongoza flashi za nje bila waya, kama zifanyavyo Nikon D90 na Canon 7D. Kama unategemea mojawapo ya hizi kila wiki, hasara yako ni kubwa kuliko ya mpiga picha wa mandhari.

Hatua ya 5: Angalia mbadala kabla ya kuuliza bei ya ufundi

Kamera yako ikiwa na reli ya juu, mbadala wa kwanza ni flashi ya nje. Yenye GN 36 ina mara 3 ya GN 12, na kwa kuwa mwanga huhesabiwa kwa mraba, hiyo ni mara 9 ya mwanga. Punguza kidogo matarajio, maana namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa flashi ikiwa imevutwa kwenye zumu. Hata hivyo unaweza kuigeuza imulike dari, na tofauti hiyo peke yake inatosha kukufanya usahau ile ya ndani. Nyingi pia zina taa nyekundu ya kusaidia fokasi.

Kabla hujanunua, angalia mambo haya.

Hakikisha reli yenyewe inafanya kazi. Azima flashi ya mtu uijaribu. Kama ubovu wako uko kwenye bodi, huenda na reli imekufa, na utakuwa umenunua pambo.

Tazama katikati ya reli. Lazima kuwe na kitone kikubwa cha chuma. Canon EOS 4000D na EOS 250D hazina kitone hicho, kwa hiyo flashi nyingi za bei nafuu zisizo za mfumo wa Canon hazitawaka humo. Sony za Alpha za kabla ya 2012 zina reli ya umbo lake, tofauti na za baadaye.

Jihadhari na flashi kuukuu za enzi za filamu. Baadhi zina volti zaidi ya 200 kwenye mguu. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 10330 (si ile ISO ya mwanga) kinaitaka kamera ivumilie volti 24. Pima kwa mita ya umeme kwanza, au ziache.

Ukitumia flashi ya ndani kama kiongozi, tafuta vichochezi vya redio. Havihitaji kuonana ana kwa ana kama mfumo wa mwanga.

Kamera ya mfukoni isiyo na reli iko pabaya zaidi. Zile flashi ndogo za pembeni zinazowaka zikiona mwako wa kamera hazitakusaidia, maana mwako ndio huo umekufa. Taa ya LED inafaa kwa vitu vilivyotulia karibu, lakini haigandishi mtoto anayekimbia.

Hatua ya 6: Ongea na fundi

Waranti kwanza. Kama bado ipo, usimruhusu mtu yeyote kufungua kamera, ipeleke panapohusika. Kama imekwisha, mweleze fundi ulichogundua kwenye hatua ya 2, si "flashi haifanyi kazi" tu. Muulize: makadirio ni ya bure? Nikikataa, narudishiwa kamera ikiwa imefungwa vizuri? Spea ni mpya au imetolewa kwenye kamera nyingine? Dhamana ya kazi ni ya muda gani? Na anaitoaje chaji ya kapasita? Akicheka swali hilo la mwisho, chukua kamera yako.

Hatua ya 7: Weka namba mezani

Andika bei tatu: ya ukarabati, ya flashi ya nje inayokufaa, na ya kamera ya modeli ileile, nzima, iliyotumika.

Ukarabati ukivuka nusu ya bei ya kamera iliyotumika, mimi siufanyi. Kamera ya zamani ina vitu vingine vinavyosubiri zamu yao: shata ya kamera za bei ya chini mara nyingi hukadiriwa kudumu mipigo 100,000, na kama yako inakaribia hapo, unatia kiraka kwenye nguo itakayochanika pengine.

Ukarabati ukiwa sawa na flashi ya nje au ghali zaidi, na reli yako ni nzima, nunua ya nje. Hapo sioni mjadala, isipokuwa kama unabeba kamera safarini na huna pa kuweka kifaa cha pili.

Tengeneza bila kusita ikiwa ubovu ni wa daraja la chini, au kama flashi mbovu inaizuia kamera isipige picha kabisa. Tengeneza pia kamera ya mfukoni isiyo na reli ikiwa lenzi yake unaipenda na fundi ana spea mkononi.

Badilisha kamera ikiwa kuna shoti, au kamera inazimika, au flashi ni ugonjwa wa tatu baada ya skrini na kifuniko cha betri.

Ukiamua kuachana nayo, izime kwenye menyu na uache kutumia modi ya otomatiki, ambayo itaendelea kujaribu kuiinua. Ukiiuza kamera siku za mbele, litaje tatizo kwenye tangazo.

Na ukiamua kutengeneza, usilipe mpaka umejaribu papo hapo. Inua flashi na kuishusha mara kadhaa, piga picha tano au sita kwa mfululizo uone inachaji upya kila mara, rudia jaribio la ukuta kwa nguvu kamili na kwa 1/16. Kisha pachika flashi ya nje uone kama reli inaitambua. Mfuniko wa juu ukiwa ulifunguliwa, zungusha kila gurudumu, bonyeza kila kitufe, washa skrini ndogo ya juu kama ipo, rekodi video fupi usikilize maikrofoni, maana yote hayo yanapita palepale fundi alipokuwa anafanya kazi.